Si kila behewa linalong'aa ni la California Zephyr

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo ambalo wengine wataliona la kitoto: mabehewa ya abiria ya treni za modeli. Ndugu zetu walioko Marekani huyakuta kwenye minada ya vitu vya mitumba, nao walio nyumbani huyapokea kama zawadi. Yakishapangwa juu ya meza, kosa huwa lilelile. Mbele kuna kichwa kizuri cha treni, nyuma yake mabehewa manane yaliyokusanywa kwa sababu tu yote yana rangi ya fedha, halafu mwenye mali anatangaza kwamba hiyo ni California Zephyr, treni ya abiria ya zamani ya Marekani. Siyo. Mara nyingi haifanani na treni yoyote iliyowahi kupita juu ya reli.

Rai yetu ni moja: anza na tarehe, kisha mahali, behewa lije mwisho. Ukisema "Zephyr" bila mwaka hujasema kitu, kwa sababu treni halisi ilikuwa ikibadilika kila baada ya miaka michache. Tumeichukua California Zephyr kama mfano kwa kuwa ndiyo inayoandikwa ovyo zaidi kwenye maboksi, na kwa kuwa mpangilio wake unajulikana vizuri.

Treni hiyo ilianza safari tarehe 20 Machi 1949 na kukoma Machi 1970. Ilikwenda kati ya Chicago na Oakland, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, ikipita mikononi mwa kampuni tatu: Chicago, Burlington & Quincy (Burlington, au CB&Q) hadi Denver, Denver & Rio Grande Western (Rio Grande, au D&RGW) hadi Salt Lake City, na Western Pacific (WP) kipande cha mwisho. Iliyokwenda magharibi ilikuwa namba 17, iliyorudi namba 18. Kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, zilihitajika seti sita za mabehewa ili kila siku treni moja iondoke kila upande. Mabehewa yote yalitengenezwa na kiwanda cha Budd kwa chuma kisichoshika kutu, na kila moja lilikuwa na jina linaloanza na neno Silver.

Mbele kulikuwa na behewa la mizigo ya abiria. Yakafuata mabehewa matatu ya viti, kila moja likiwa na kuba la kioo juu lenye viti 24. Kisha likaja behewa lenye kuba ambalo chini yake kulikuwa na baa ndogo ya vinywaji na vyakula vyepesi pamoja na vitanda vya wafanyakazi. Nyuma yake yalikuwapo behewa la mgahawa na mabehewa ya kulala. Mkiani kabisa kulikuwa na behewa lenye kuba na sebule yenye mwisho wa mviringo, ndani yake vyumba vitatu vya watu wawili na kimoja kikubwa cha watu watatu. Hesabu makuba: ni matano. Modeli yenye kuba moja au mbili inaweza kuwa treni nyingine nzuri tu, lakini isibandikwe jina hili.

Mabehewa mengi ya kulala yalikuwa ya aina inayoitwa 10-6, yaani vyumba kumi vya mtu mmoja na sita vya watu wawili. Mwanzoni lilikuwapo pia behewa la sehemu 16 za vitanda vya wazi, vile vinavyofungwa kwa mapazia usiku na kugeuzwa viti mchana. Mwaka 1952 yakaongezwa mabehewa ya vyumba sita vya watu wawili na vitano vikubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vitanda vya wazi vilipokosa wateja, mabehewa yale yaligeuzwa kuwa ya viti 48 bila kuba. Kwa hiyo behewa la viti lisilo na kuba, likiwekwa kwenye treni ya 1950, ni kosa. Likiwekwa kwenye treni ya 1966 ni sahihi, na mtu anayeijua treni hii ataligundua kabla hujamwonyesha. Katika miaka ya mwanzo kulikuwa pia na behewa moja la kulala lililounganisha safari hadi New York. Pennsylvania Railroad ilimiliki behewa la 10-6 lililoitwa Silver Rapids kwa kazi hiyo. Ukitaka behewa moja lenye jina la kampuni ya mashariki ndani ya treni hii, hiyo ndiyo ruhusa yako, na haitoki nje ya miaka hiyo.

Utajuaje kama behewa ulilonalo ni la Budd? Tazama paa kwanza. Budd waliendeleza mikunjo ya chuma hadi juu, kwa hiyo paa lina mistari. Pullman-Standard nao walitengeneza mabehewa ya rangi ya fedha, lakini mara nyingi mikunjo yao ilikuwa bamba lililofungwa ubavuni juu ya mwili wa chuma cha kawaida, na paa likaachwa laini. Bamba hizo zilileta balaa kwa wenye mabehewa, maana maji yalijificha nyuma yake na chuma cha ndani kikaliwa na kutu. Ukilichanganya behewa la paa laini katikati ya mengine ya Zephyr linaonekana hata kutoka mlangoni, kwa kuwa modeli tunaitazama kutoka juu. Wapigaji wengi wa picha za treni halisi walisimama chini kando ya reli, ndiyo maana watu hawalifikirii paa.

Kuna aina ya tatu, nayo ni mabehewa mazito ya zamani yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1930. Yana urefu wa karibu futi 80, paa lililoinuka katikati kama ngazi, na kwa kawaida bogi (vigari vya magurudumu vinavyobeba behewa) za ekseli tatu kila mwisho. Yakipakwa rangi ya fedha yanakuwa kituko kwenye treni hii. Kuhesabu ekseli ni kipimo rahisi kuliko vyote: mabehewa ya Zephyr yana bogi za ekseli mbili. Ukikuta magurudumu kumi na mawili chini ya behewa, lirudishe sandukuni.

Sasa mahali. Mabehewa yalikwenda safari nzima, lakini vichwa vilibadilishwa Denver na Salt Lake City, kila kampuni ikifunga vyake. Mashariki ya Denver funga vichwa vya Burlington vya aina ya E, vya rangi ya fedha. Kwenye Milima ya Rocky na handaki la Moffat, lenye urefu wa maili 6.2, funga vya Rio Grande vya manjano na fedha, ama Alco PA ama aina ya F. Kwenye bonde la Mto Feather kule California funga vya Western Pacific, vya fedha na rangi ya chungwa. Vichwa vya kampuni mbili tofauti kufungwa pamoja kwa sababu vyote vinapendeza ni kama kumvalisha bwana harusi kanzu juu na pajama chini. Angalia pia kwamba kichwa cha F ulichonunua si cha mizigo. Vya abiria vilibeba boila ya mvuke ya kupashia mabehewa joto, na bomba lake la moshi na vifuniko vyake vinaonekana juu ya paa, mara nyingi kwenye kile cha katikati kisicho na chumba cha dereva. Bila boila, abiria wangeganda Januari pale Colorado.

Kwa maandishi, hapa ndipo wauzaji wengi wanapotudanganya. Ubao ulio juu ya madirisha ulibeba jina la treni, CALIFORNIA ZEPHYR, si la kampuni. Herufi za mmiliki zilikuwa ndogo, pembeni. Mabehewa ya wamiliki watatu yalichanganywa ndani ya seti moja, kwa hiyo kukuta D&RGW na WP kwenye treni moja ni sawa kabisa, na kukuta mabehewa yote ya CB&Q ndiko kunakotia shaka. Behewa lililoandikwa BURLINGTON kwa herufi kubwa juu ya madirisha lilitumika kwenye treni nyingine za kampuni hiyo, nazo zilikuwa nyingi. Majina nayo yana wenyewe: Silver Crescent lilikuwa behewa la mkiani la Western Pacific, Silver Solarium la Burlington, Silver Sky la Rio Grande. Treni moja ina mkia mmoja. Ukinunua mawili kwa kupenda majina, moja libaki kabatini.

Chapa za kubandika kwa maji zinapatikana kwa ajili ya kurekebisha maandishi. Futa ya zamani kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, kidogo kidogo, na ujaribu kwanza chini ya sakafu. Mabehewa mengine yamepakwa rangi ya fedha na mengine yamechovywa madini yanayong'aa, na hilo la pili likikwaruzwa halirudi. Kabla ya kubandika, paka vanishi inayong'aa mahali pa herufi tu. Ukibandika juu ya uso mkavu usiong'aa, hewa hunaswa chini ya chapa na kuonekana kama ukungu mweupe kuzunguka kila herufi.

Kosa linalokasirisha zaidi, kwa kuwa halina dawa, ni la pande mbili za behewa. Behewa la kulala halifanani kulia na kushoto. Kwenye 10-6, vyumba vya mtu mmoja vimepangwa vitano upande huu na vitano upande ule, njia ikipita katikati. Ikifika kwenye vyumba vya watu wawili njia inasogea ukutani, vyumba vyote sita vikawa upande mmoja. Madirisha ya upande wa njia na ya upande wa vyumba hayalingani. Watengenezaji wa bei rahisi walitumia kalibu moja kwa pande zote mbili, wakapata behewa ambalo haliwezekani: ukifuata madirisha yake, abiria wangelala katikati ya njia. Kabla ya kulipa, omba picha ya kila upande, ziweke juu na chini, kisha uhesabu madirisha. Yakiwa sawa kwa sawa kwenye behewa la kulala, hiyo ni modeli ya kuchezea. Behewa la viti linaweza kukaribiana pande zote, usilihukumu kwa kipimo hicho.

Tukija kwenye vipimo, wengi hununua kabla hawajapima meza. Behewa la futi 85 ni karibu mita 25.9. Kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, linakuwa milimita 297. Treni ya mabehewa kumi na moja ni mita 3.27, na vichwa vitatu vya F vyenye milimita 177 kila kimoja vinaongeza nusu mita. Ukihesabu na nafasi za viungio, unahitaji stesheni yenye njia ya karibu mita 4 iliyonyooka. Chumba cha kawaida hakina nafasi hiyo. Kwa kipimo cha N, yaani 1:160, behewa ni milimita 162 na treni nzima inaingia kwenye mita 2 na kidogo. Watengenezaji wa modeli Kato walitoa seti ya N ya mabehewa kumi na moja ya treni hiihii, na kwa mwenye meza ndogo hatuoni sababu ya kuhangaika na HO.

Kona ni adui mkubwa zaidi kuliko urefu. Seti nyingi za HO huja na reli zenye nusukipenyo cha inchi 18 au 22, yaani milimita 457 au 559. Behewa la futi 85 hapo litagusa mwenzake, au bogi itagonga ngazi na masanduku ya chini ya sakafu na kutoka nje ya reli. Anza na inchi 24, yaani milimita 610. Ukitaka lisionekane kama mtu mnene anayepita mlango mwembamba, nenda inchi 30 na zaidi. Wenye kona kali wana njia moja ya heshima: mabehewa yaliyofupishwa hadi kama futi 72, takriban milimita 252, ambayo Athearn waliyauza kwa miaka mingi. Hayo si sahihi kwa urefu, ila yakiwa yote mafupi jicho linasamehe. Kuchanganya mafupi na marefu ndiko kusikosameheka.

Kama nafasi haitoshi, punguza kwa akili. Seti ya saba: mizigo, mawili ya viti yenye kuba, la baa lenye kuba, mgahawa, moja la 10-6, na la mkiani. Pamoja na vichwa viwili hiyo ni kama mita 2.5, na bado una makuba manne. Ukilazimika kushuka hadi matano, ondoa behewa moja la viti na lile la mgahawa, kwa sababu la baa linaweza kulisha abiria wachache. Usiondoe la kulala ukabaki na viti vitupu, kwani treni ilisafiri kwa zaidi ya siku mbili. Usiondoe la mkiani hata kidogo. Treni hii bila mkia wa mviringo na ubao wake wa jina unaowaka ni mjusi aliyekatwa.

Mpangilio wenyewe una sababu zake. Mgahawa huwekwa karibu na mpaka kati ya viti na vyumba vya kulala, ili aliyekata tiketi ya bei ndogo asipite katikati ya vitanda vya aliyelipa zaidi kila anapotaka kula. Behewa la mizigo liko mbele kwa kuwa abiria hawana haja ya kulipita. Ukiyaelewa hayo unaweza kupanga treni yoyote ya masafa marefu ya Marekani hata usipoiona picha yake. Hata hivyo picha itafutwe, na zaidi ya picha, ratiba za abiria za kampuni husika. Nyuma ya ratiba hizo kulikuwa na orodha ya mabehewa ya kila treni, mangapi ya viti, mangapi ya kulala na ya aina gani, na yalitoka mji gani hadi upi. Nakala za zamani huuzwa rahisi kuliko behewa moja.

Behewa likishachaguliwa lazima litembee. Uzito unaopendekezwa na chama cha NMRA cha Marekani kwa HO ni aunsi moja, ongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 11.7 linatakiwa liwe karibu gramu 194. Mengi ya zamani ni mepesi mno. Treni ikipanda kona, behewa jepesi lililo mbele linavutwa na mazito ya nyuma hadi linaanguka upande wa ndani. Bandika vipande vya chuma sakafuni, chini kadiri iwezekanavyo, nusu kwa nusu juu ya kila bogi. Ukiweka uzito wote katikati, sakafu ya plastiki hujipinda baada ya muda. Usizidishe pia: kumi na moja kwa gramu 194 ni kilo 2.1, na kwenye mwinuko wa asilimia 2 kichwa kimoja chepesi kitazungusha magurudumu bila kusogea.

Magurudumu ya abiria ni makubwa kuliko ya mizigo: inchi 36 dhidi ya 33. Kwa HO ni milimita 10.5 dhidi ya 9.6. Tofauti ni ndogo lakini fundi akibadilisha ya plastiki kwa ya chuma akaweka ya mizigo, behewa linashuka karibu nusu milimita na kiungio hakilingani tena na cha jirani. Katikati ya kiungio iwe kama milimita 9.9 juu ya reli. Kama kimeshuka, weka kipande chembamba (shimu) kati ya bogi na sakafu. Kukipinda kiungio juu kwa koleo ni uvivu, kitaachia treni ikipita kwenye tuta. Viungio vilivyofungwa kwenye bogi hupita kona kali lakini treni ikirudi nyuma husukuma bogi pembeni na kuiangusha. Vilivyofungwa kwenye mwili hurudi nyuma vizuri na hudai kona pana. Chagua kimoja kwa treni nzima.

Taa: kwa umeme wa DCC (mfumo wa kidijitali wa kuongoza treni za modeli) wa takriban volti 14, chukua daraja la dayodi, LED tatu nyeupe za rangi ya joto zilizopangwa mfululizo, na rezista ya omu 680. Hapo utapata kama miliampea 5, nazo zinatosha. Watu huweka mwanga wa soko la usiku ndani ya behewa la kulala. Kapasita ya mikrofaradi 470, volti 25, itazima kumetameta kwa robo ya sekunde hivi wakati gurudumu limekosa umeme. Lakini kapasita kumi na moja zikijaa kwa pamoja, kifaa kinachotoa umeme kwenye reli kitadhani kuna shoti na kujizima. Weka rezista ya omu 100 kwenye njia ya kujaza kila kapasita, na dayodi sambamba nayo ili itoe umeme bila kizuizi. Kwenye kuba, acha giza. Aliyepanda huko usiku anataka kuona milima, si uso wake kwenye kioo. Kumbuka kwamba vibati vinavyochukua umeme kwenye ekseli huongeza msuguano. Vilegeze hadi behewa liteleze lenyewe kwenye mteremko mdogo.

Vipi kuhusu mwenye sanduku la mchanganyiko ambaye hataki kununua tena? Habari njema ni kwamba treni zenye mabehewa yaliyofanana yote zilikuwa chache. Treni za kawaida za miaka ya 1950 zilichanganya mabehewa mazito ya zamani na mepesi mapya bila aibu. Na tarehe 1 Mei 1971 Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, ilipochukua treni nyingi za abiria za Marekani, ilirithi mabehewa ya kampuni nyingi na kuyafunga pamoja kabla ya kuyapaka rangi yake. Kwa mwaka mmoja au miwili hivi treni zilikuwa kama kanga zilizoanikwa kamba moja. Mabehewa ya fedha ya Zephyr, ya kijani, ya manjano, yote yalikwenda pamoja. Andika 1971 kwenye ubao wako na sanduku lako limekuwa halali. Rio Grande lakini haikuingia Amtrak wakati huo, ilibaki ikiendesha treni yake kati ya Denver na Salt Lake hadi 1983, kwa hiyo vichwa vyake visivute mchanganyiko huo.

Tumalizie na swali ambalo msomaji wa hapa nyumbani atakuwa ameshajiuliza: na treni zetu? Hapa tatizo la kwanza ni upana wa reli. Reli ya HO ni milimita 16.5, ambayo kwa 1:87 ni sawa na milimita 1,435. Huo ni upana wa SGR, yaani Madaraka Express iliyoanza 2017 na reli mpya ya Tanzania. Reli ya zamani ya Mombasa, Nairobi na Kisumu, na ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ni ya mita moja. Kwa 1:87 inatakiwa milimita 11.5, na iliyo karibu sokoni ni ya milimita 12, ile inayotumiwa kwa reli za milimani za Uswisi. Reli na bogi za mtengenezaji Bemo zitakufaa. Mabehewa yao hayafai, madirisha na paa ni vya Uswisi. TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Kwa 1:87 nayo inakaa kwenye milimita 12, au ukijenga kwa 1:64 inakaa karibu sawasawa kwenye reli ya kawaida ya 16.5. Anayependa ukubwa atumie reli ya milimita 45 kwa 1:22.5, ambayo iliundwa mahsusi kwa njia ya mita.

Tarehe nayo inadai haki yake hukuhuku. Kenya-Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa East African Railways and Harbours mwaka 1948, bandari zikatengwa 1969, na shirika likavunjika 1977 kila nchi ikaandika jina lake ubavuni. Vichwa vya mvuke vya Garratt vya daraja la 59, thelathini na vinne vyenye majina ya milima, vilitengenezwa na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956. Ukikifunga kimoja kwenye behewa lenye herufi za Kenya na Uganda za kabla ya 1948, umekosea kama yule wa Zephyr.

Kwa kuwa mabehewa haya hayauzwi tayari madukani, itabidi kupima. Makumbusho ya Reli Nairobi yana mabehewa na vichwa, Mount Gelai namba 5918 akiwemo. Omba ruhusa, nenda na utepe wa kupimia wa mita 10, na mtu wa kushika upande wa pili. Pima urefu wa mwili bila viungio, upana, kimo kutoka juu ya reli hadi paa, umbali kati ya katikati ya bogi hii na ile, umbali wa ekseli ndani ya bogi, upana wa kila dirisha na wa nguzo iliyo kati yake. Gawanya kila namba kwa 87: dirisha la milimita 610 linakuwa 7. Kwenye picha, egemeza fito ya mita moja iliyochorwa kila sentimita 10 kwenye ubavu wa behewa, usimame mbali na kulenga katikati, kwa maana lenzi ya simu ukiwa karibu huvuta ncha na madirisha ya mwisho yakaonekana mapana kuliko yalivyo. Piga pande zote mbili. Na paa pia, ukipata mahali pa kupanda.

Sisi wajenzi wa treni ndogo,
Dar es Salaam